Mlio wa Boriti

Msomaji, wahenga walituachia usia kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Usia huu ni mwema, lakini una upungufu mmoja ambao nimeujua kwa hasara: hudhani kwamba kila ufa utaonekana. Nyufa nyingi huanza ndani, mahali pasipofikiwa na jicho, na zitokezapo nje huwa zimekwisha kufanya kazi yake. Kabla ya kuonekana, ufa husikika. Habari ya ufa unaosikika ndiyo nitakayokusimulia, na nakuomba radhi mapema, kwa kuwa katika kisa hiki mimi si shujaa.

Mwaka 2000 nchi yetu ya kaskazini mashariki ilikuwa imeshikwa na ukame mkali. Mto Tana wapita kando ya mji wa Garissa, lakini ukiuacha mto ukashika barabara ya kwenda Modogashe na Wajir, maji ni ya kuchimbwa. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari mwaka uliotangulia, nikapata kazi katika kisima kimoja cha pampu upande huo. Kazi yangu ilikuwa kuwasha mtambo wa dizeli, kujaza tangi, na kuandika daftari. Tangi lilikuwa la chuma, la lita 5,000. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi tangi lilipojaa lilibeba tani 5 za maji, mbali na uzito wa chuma chenyewe, na mzigo huo wote ulisimama juu ya jukwaa la boriti sita.

Mlinzi wa kisima alikuwa mzee mfugaji ambaye ukame ulimnyang'anya karibu ngamia wake wote. Nilimwita adeer, yaani ndugu wa baba. Naye, kwa desturi ya Wasomali, aliniita mimi adeer vilevile. Hakujua kusoma. Alilala chini ya mgunga, hatua thelathini hivi kutoka kwenye jukwaa, na usingizi wake ulikuwa mwepesi kama usingizi wa mtu aliyezoea kulinda zizi.

Jioni moja aliniambia, "Adeer, jukwaa linalia."

Nilicheka. Nilimweleza, kwa majivuno ya kijana aliyefaulu mtihani, kwamba vitu hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, na kwamba jua lituapo mabati ya kila nyumba hulia kwa sababu hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mabati hulia magharibi, nami nimeyasikia maisha yangu yote. Jukwaa hili hulia usiku wa manane, wakati baridi imekwisha kutulia."

Sikuwa na jibu, lakini sikukiri. Siku ya pili alirudi na neno jingine. "Ngamia mzima," alisema, "hulalamika unapompakia, na akisha kusimama hunyamaza. Yule mwenye kidonda chini ya mzigo huendelea kulalamika hata kama huongezi kitu. Zamani jukwaa lilikuwa likilia unapojaza, na ukizima mtambo likanyamaza. Sasa wewe huzima, nalo huendelea."

Baada ya siku chache akaongeza jambo la tatu, nalo ndilo lililonikera zaidi, kwa maana lilionekana kinyume cha akili. Alisema kwamba hapo kwanza jukwaa lililia pale tu maji yalipokaribia ukingo, lakini sasa laanza kulia tangi likiwa nusu. Nilimwambia kwamba nusu ya mzigo haiwezi kuvunja kitu kilichokwisha kubeba mzigo mzima. Niliona nimesema hekima. Hata hivyo niliandika barua kwa wenye kisima, mistari miwili, kwa maneno baridi ambayo mtu huandika apendapo kuonekana ametimiza wajibu. Haikujibiwa. Siwezi kuwalaumu sana waliosoma barua ile, maana mwenye kuiandika mwenyewe hakuiamini.

Jukwaa lilianguka alfajiri moja, tangi likiwa limejaa kwa ajili ya foleni ya asubuhi. Wanawake walikuwa wamefika na madumu yao tangu usiku, lakini yule mzee alikuwa amewakataza kuketi karibu, wakamnung'unikia, wakaketi mbali. Hakuumia mtu. Punda mmoja alikufa, na bomba la kisima likakatika. Maji ya lita 5,000 yaliingia mchangani mbele ya macho yetu, kwa muda mfupi kuliko muda ninaotumia kukuandikia sentensi hii. Siku nne hapakuwa na maji. Mifugo iliyotembea siku mbili kufika kisimani haikuwa na nguvu ya kutembea siku mbili nyingine. Naliona ng'ombe wakiulamba udongo penye alama ya maji.

Tulipozipasua boriti tulikuta mbili zimeliwa na mchwa. Nje zilikuwa na ganda zuri, gumu, ambalo nililipiga rangi kwa mkono wangu mwenyewe. Ndani zilikuwa vichuguu.

Miaka ilipita kabla sijapata elimu ya kunieleza kilichokuwa kikilia. Nalisoma uhandisi Nairobi, na siku moja katika maktaba nikakutana na jina la Josef Kaiser, Mjerumani ambaye mwaka 1950 alitoa tasnifu yake mjini Munich. Kaiser alivuta vipande vya metali na kuvisikiliza. Wahunzi walijua tangu zamani kwamba kipande cha bati safi kikikunjwa hutoa kilio; yeye alitaka kujua kama metali nyingine nazo hulia, na hulia lini. Aliona ya kuwa kitu kikivutwa hutoa milio. Ukikilegeza, kisha ukikivuta tena, hukaa kimya mpaka upite mzigo ule mkubwa kiliopata kuubeba. Ni kana kwamba kitu chakumbuka mzigo wake. Kanuni hii huonekana wazi zaidi katika metali kuliko katika mbao, lakini waliofuata baada yake waliona jambo ambalo ni la manufaa kuliko kanuni yenyewe: kitu kilichokwisha kudhurika husahau. Hulia kabla ya kufika kwenye mzigo wake wa zamani. Na ukiushikilia mzigo pasipo kuongeza, kizima hutulia, bali kilichodhurika huendelea kulia.

Nilifunga kitabu. Alama zote mbili zilikuwa za yule mzee, moja baada ya nyingine, naye alizipata bila chombo.

Hebu tuone mlio wenyewe hutoka wapi. Kitu kilichobebeshwa mzigo huweka nguvu ndani yake, kama upinde uliovutwa. Ufa ukisogea, hata kwa kiasi kidogo kisichoonekana, sehemu ya nguvu ile huachiliwa ghafula na kusafiri kama wimbi ndani ya kitu chote mpaka usoni pake. Sikio la mwanadamu husikia mitetemo isiyozidi 20,000 hivi kwa sekunde. Milio mingi ya nyufa huwa juu ya hapo, na mafundi huisikiliza aghalabu kati ya mitetemo 100,000 na 1,000,000 kwa sekunde. Kwa hiyo hubandika juu ya kitu vipande vidogo vyenye fuwele ambazo, zikitikiswa, hutoa umeme. Sifa hiyo iligunduliwa mwaka 1880 na ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie. Katika chuma wimbi husafiri mita 5,000 hivi kwa sekunde. Ukiweka vipokezi kadhaa, kilicho karibu na ufa husikia kwanza na cha mbali husikia nyuma. Na kwa tofauti hiyo ya muda huhesabiwa ufa uko wapi. Hivyo ndivyo wapimavyo matangi, mabomba na madaraja. Katika daraja la Forth Road huko Scotland, lililofunguliwa mwaka 1964, wakaguzi waliifungua minyororo mikuu mwaka 2004 wakakuta nyaya zimeliwa na kutu, na nyingine zimekatika. Mwaka 2006 viliwekwa vipokezi vya kusikiliza usiku na mchana kila uzi unaokatika ndani ya minyororo ile. Hata mchwa husikilizwa hivyo: kila ang'atapo ubao hukata nyuzi zake, na kila uzi ukikatika hulia.

Lakini nisikudanganye, msomaji. Chombo hiki husikia ufa unaokua tu. Ufa mkubwa uliotulia hausemi neno, na mtu anayetegemea sikio peke yake aweza kulala juu yake. Tena huko kwetu upepo, mchanga upigao chuma, na joto lenyewe hutoa kelele nyingi, na kazi kubwa ya fundi ni kutenga mlio wa ufa na kelele za dunia. Nilipokuwa kijana nilifanya kinyume: niliuchukua mlio wa ufa nikautia katika kelele za dunia, kwa kuwa nilikuwa na maelezo yaliyo tayari.

Siku hizi nakagua majukwaa ya maji katika Garissa na Wajir. Vyombo vya fuwele ni ghali, na mara nyingi sina ila fimbo ya mti mkavu, ambayo naweka ncha moja juu ya nguzo na ncha ya pili sikioni. Fimbo haifikishi milio ile ya juu. Boriti, hata hivyo, hulia pia kwa sauti ya chini. Naamuru tangi lijazwe, naamuru mtambo uzimwe, kisha nawaomba watu wanyamaze kwa robo saa. Vijana hucheka. Nawaacha wacheke.

Yule mzee alihamia mjini kwa binti yake. Masikio yake yamekuwa mazito, na mazungumzo nasi yahitaji sauti kubwa. Mwaka jana nilimpelekea habari kwamba kisima chetu kimepata jukwaa jipya la zege, na kwamba nimelisikiliza tangu asubuhi mpaka adhuhuri nisisikie kitu.

"Adeer," aliniuliza, "tangi lilikuwa limejaa?"

Nikamwambia kwamba siku ile pampu ilikuwa mbovu, na maji hayakufika nusu.

"Basi," alisema, "hujalisikiliza bado."