Sanamu ya Simba

Murara ni mtaa wa mji wa Goma, katika komine ya Karisimbi. Aridhi yake ni mawe meusi yaliyotoka katika mlima wa moto Nyiragongo, na kuta nyingi zimejengwa kwa mawe hayo hayo.

Huko alikaa kijana mmoja mchoraji. Aliandika majina ya maduka juu ya mbao, akachora vichwa vya watu kwenye milango ya vinyozi. Siku moja mama mmoja, muuza maharagwe, alimjia na simu mkononi. Akamwonyesha picha ya mbwa mweusi.

«Mwanangu, nichoree huyu.»

Kijana akacheka. «Mama, watu huniletea picha ya arusi, au ya baba yao. Wewe waleta mbwa?»

Mama hakucheka. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipasuka. Tarehe 27 wakubwa waliamuru mitaa kumi ya Goma ihame, na Murara ulikuwa mmojawapo. Mama na watoto wake wakashika njia ya Sake kwa miguu, godoro kichwani. Simba, mbwa wao, hakukubali kutoka langoni. Waliporudi mwezi wa sita walimkuta palepale, amekonda, ncha ya sikio la kushoto imekatika. Nyumbani hakikukosekana hata kijiko.

«Sasa amezeeka,» akasema mama. «Nataka nizidi kumwona.» Akaweka dola 10, nusu ya bei.

Kijana akanunua karatasi nzito, kalamu za rangi, na pasteli za mafuta. Pasteli hizo ni vijiti laini vya rangi iliyochanganywa na mafuta na nta. Hazikauki kabisa, ukizigusa kesho, kidole kitachafuka. Tena ukizipaka nene, kalamu huteleza juu yake wala haiandiki. Basi kwanza alipaka pasteli kidogo tu, akaisugua kwa kitambaa. Ndipo akachora manyoya kwa kalamu, unywele mmoja mmoja, akifuata jinsi yanavyolala.

Hapo shida ikaanza. Mbwa mweusi mbele ya ukuta mweusi! Alipaka rangi nyeusi, na Simba akawa kama shimo. Siku mbili hakufanya kitu. Siku ya tatu alikwenda kwa mama, akaketi uani, akamtazama mbwa mwenyewe. (Angalifanya hivyo tangu mwanzo.) Akaona kwamba weusi wa Simba si mmoja: mgongoni, jua lilipompiga, ulikuwa samawati, tumboni kahawia, chini ya shingo kama zambarau. Ukuta ulikuwa wa kijivu. Akarudi nyumbani mbio.

Baada ya juma moja alipeleka sanamu. Mama akaitazama kwa muda mrefu.

«Mwanangu, huyu ni mbwa wa nani?»

«Ni Simba, Mama.»

«Simba hana sikio zima.»

Kijana aliona haya. Alikuwa amelitengeneza lile sikio kusudi, apate kumpendeza mama. Dola 10 zilikuwa zimekwisha, na karatasi nyingine hana. Akachukua wembe, akaikwangua ile ncha polepole, kwa kuwa pasteli hukubali kukwanguliwa. Lakini kalamu zilikuwa zimeingia ndani ya karatasi, na alama ikabaki. Akaifunika kwa kijivu cha ukuta, nene kabisa. Mwisho akatia nukta nyeupe katika kila jicho.

Seremala akafanya fremu. Kijana akamwonya aweke vipande vya katoni kati ya sanamu na kioo, maana kioo kikigusa pasteli huondoka na rangi.

Mama alilipa dola 10 zilizobaki, akashusha sanamu chini ili Simba aione. Simba akainusa fremu, akapiga chafya, akarudi langoni kulala.