Kwa nini mfugaji wa mbwa anataka tovuti yake mwenyewe?

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu, na wengine wenu mmeniuliza kama nimehama mtandao. Sijahama. Nilikuwa natengeneza tovuti ya mbwa. Ndiyo, umesoma sawasawa. Mbwa.

Mwenye mbwa hao ni jirani yangu hapa Emali, mwalimu mstaafu ambaye mji mzima unamwita Mwalimu tu, nami nitamwita hivyo hivyo. Anafuga German Shepherd. Ana majike wawili na kashamba upande wa barabara iendayo Loitokitok, na mara kwa mara hupata watoto wa mbwa wa kuuza. Vilebu, kama yeye mwenyewe alivyotufundisha kuwaita tulipokuwa darasa la sita.

Miaka miwili iliyopita alinisimamisha njiani. "Kijana wangu, wewe si ndiye uliyesomea kompyuta? Nataka tovuti."

Nilicheka moyoni. Mimi huandikia watu programu za mishahara na stoo, halafu huyu mzee ananiletea mbwa! Nikamwambia: "Mwalimu, tovuti ya nini? WhatsApp unayo, na ukurasa wa Facebook ni bure. Isitoshe, chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Nikajiona nimemshinda, tena kwa methali, tena mwalimu wa Kiswahili. Yeye akasema tu, "Sawa, mwanangu," akaenda zake. Ili asinune, nilimpigia picha nzuri za vilebu wake mbele ya geti lake la buluu, nikazisambaza kwenye makundi ya wapenda mbwa.

Kumbuka picha hizo.

Mwaka jana, Jumamosi moja asubuhi, bwana mmoja aliteremka kwenye basi la kutoka Nairobi akiwa na binti yake mdogo, katoni tupu, na mkanda mpya wa shingo ya mbwa. Alikuwa ametuma arbuni ya shilingi 15,000 kwa simu na kuambiwa aje Emali achukue kilebu dume. Walipofika Sultan Hamud, simu ya muuzaji ikazimwa. Hapa stendi akawaonyesha vijana wa bodaboda picha alizotumiwa. Wakalitambua geti mara moja: "Hapo ni kwa Mwalimu."

Kumbe kwa Mwalimu hakukuwa na kilebu hata mmoja. Waliokuwa kwenye picha walikuwa wameuzwa miezi mitatu nyuma. Bwana yule hakutaka kusikia. Alipiga kelele pale getini, majirani wakajaa, na mtu aliyefundisha watoto wa mji huu zaidi ya miaka 30 akaitwa mwizi mbele ya wanafunzi wake wa zamani. Nilipoitwa nikazitambua picha. Zilikuwa zangu. Tapeli alizichukua kutoka makundi yale yale niliyozimwaga bila jina, bila tarehe, bila chochote cha kuonyesha ni za nani.

Bwana yule mwishowe alielewa, akaenda kuandikisha taarifa polisi, lakini pesa zake hazikurudi. Jioni Mwalimu aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Kijana wangu, leo yule bwana angetaka kujua mimi ni nani kabla hajapanda basi, angeangalia wapi?"

Sikuwa na jibu. Na hapo ndipo nilipoanza kulifikiria swali hili kwa uzito: kwa nini wafugaji wa mbwa, kuanzia Marekani hadi Nairobi, hupenda sana kuwa na tovuti zao wenyewe?

Tuanze na soko. Emali ina soko kubwa la mifugo. Wamasai wa Kajiado na Wakamba wa Makueni hukutana hapa na ng'ombe na mbuzi wao, na mnunuzi hakosi kumkagua mnyama. Atashika nundu, atafungua mdomo ahesabu meno, atamtembeza aone kama anachechemea. Karibu kila anacholipia anaweza kukigusa kwa mkono.

Sasa mchukue kilebu wa wiki nane. Utakagua nini? Vilebu wote ni wazuri. Hujui kama akikomaa atakuwa mlinzi au mwoga, kama nyonga zake zitakuwa na kasoro (na German Shepherd wanajulikana kwa tatizo hilo), wala kama kweli ni wa nasaba au amechanganywa na mbwa koko wa sokoni. Unachonunua ni habari za mama yake, baba yake, babu zake, na chanjo alizopata. Mnyama unampeleka nyumbani, lakini bei unailipia historia.

Mwanauchumi George Akerlof aliandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel kwa fikra hizo. Hoja yake kwa ufupi: muuzaji akiwa anajua ubora wa kitu na mnunuzi hajui, mnunuzi hukataa kulipa bei ya kitu kizuri. Basi wenye vitu vizuri huondoka sokoni, na vibaya vikabaki. Ile methali yangu imepinduka! Chema hakijiuzi pale ambapo mnunuzi hana njia ya kukitambua. Mwalimu alilijua hilo kabla yangu, ila hakutaka kubishana na kijana.

Utauliza, kwani historia hiyo haiwezi kukaa kwenye mitandao ya kijamii? Jaribu uone. Status ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, wakati German Shepherd anaweza kuishi miaka 10 na zaidi. Kanuni za Facebook Marketplace haziruhusu kuuza wanyama. Na hata pale unaporuhusiwa, wewe ni mpangaji. Mwenye nyumba akibadilisha masharti, unahama.

Wakongwe wa mtandao wanaikumbuka GeoCities. Ilianza mwaka 1994, na watu wa kawaida wakajenga humo kurasa zao za bure: paka wao, bendi zao, mbwa wao. Rangi za kuumiza macho, picha zinazometameta, kihesabu cha wageni chini kabisa. Yahoo waliinunua mwaka 1999, na mwaka 2009 wakaifunga. Watu waliojitolea waliwahi kuhifadhi sehemu yake, lakini anwani zenyewe zilikufa. Sasa fikiria wewe ni mfugaji, na miaka kumi ya kumbukumbu za mbwa wako iko kwenye anwani isiyofunguka tena. Mwenye kikoa chake mwenyewe, yaani jina lake la tovuti, anaweza kuhamisha faili zake kwenye seva nyingine na wateja wasijue kama kuna kilichobadilika.

Kwa hiyo tukaanza kazi. Tulisajili jina la .co.ke, ambalo husimamiwa na KeNIC, na nikaandika kurasa za HTML tupu. Hakuna hifadhidata, hakuna mbwembwe. Nilitaka zifunguke hata kwenye simu ya bei rahisi yenye mtandao wa kusuasua, na nilitaka mtu mwingine aweze kuziendeleza mimi nisipokuwepo. Kila mbwa ana ukurasa wake: wazazi, tarehe ya kuzaliwa, picha zenye jina la tovuti juu yake, chanjo, na alikokwenda (mji tu, si jina la mnunuzi). Walio na chipu chini ya ngozi, tuliandika tarakimu nne za mwisho kati ya 15. Tukiziandika zote, tapeli atazinakili. Tukiandika nne, mnunuzi anaweza kulinganisha na kile anachosoma daktari wa mifugo kwa kifaa chake.

Kuhusu chanjo, Mwalimu hakutaka mzaha. Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kutokomeza kichaa cha mbwa kwa binadamu ifikapo 2030, na Makueni na Kitui zilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuchaguliwa. Si kwa bahati. Ugonjwa huu umezisumbua sehemu za Ukambani kwa miongo mingi, na dalili zikishaanza kwa mtu, kupona ni nadra mno. Kwa hiyo kadi ya chanjo tuliipiga picha, tukaiweka wazi kwa kila mbwa.

Halafu likaja jambo ambalo sikulitarajia. Mwalimu alikuwa na kisanduku cha vyeti vya East Africa Kennel Club, chama cha Nairobi kinachoandikisha mbwa wa nasaba, pamoja na karatasi za madume aliowahi kukodi. Nilipoanza kuviingiza kwenye kompyuta niliona kwamba nasaba ni mti, na sisi waandika programu tunapenda miti. Nikaandika programu fupi ya kukokotoa kiwango cha uzazi wa ndugu kwa kanuni aliyoichapisha Sewall Wright mwaka 1922. Unatafuta babu wa pamoja, unahesabu vizazi kutoka kwake hadi kwa baba na kutoka kwake hadi kwa mama, unajumlisha na moja, kisha unakata nusu mara hizo zote. Ndugu wa baba mmoja wakizalishwa, watoto wao hupata asilimia 12.5. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo kasoro zilizojificha zinavyopata nafasi ya kujitokeza.

Nikajaribu kwa jike mdogo wa Mwalimu na dume wa Nairobi aliyekuwa amepangiwa mwezi uliofuata. Skrini ikaandika 12.5.

Nilidhani nimekosea. Nikarudia. Kumbe baba wa dume kwenye karatasi ya kuandikwa kwa mkono alipewa jina la nyumbani, na baba wa jike kwenye cheti alikuwa na jina rasmi refu. Majina mawili tofauti, lakini namba ya usajili ni moja. Mbwa yule yule.

Mwalimu alizishika karatasi zote mbili, akazisogeza karibu na dirisha, akazisoma polepole. Tayari alikuwa na watu sita kwenye orodha ya kusubiri, na ada ya shule ya wajukuu ilikuwa inategemea uzao ule. Hakuna mnunuzi ambaye angejua. Nilimwambia hivyo, na sioni fahari kukiri kwamba nilimwambia.

"Wewe si umesema kila mbwa ataandikwa wazazi wake?" akaniuliza. "Basi watajua. Na kama hawatajua, sisi tutakuwa tumeandika."

Akampigia mwenye dume, akaahirisha. Kisha akawapigia wale sita, mmoja mmoja. Wawili wakajitoa.

Wasomaji wajanja watasema: lakini hata tapeli anaweza kujenga tovuti! Kweli kabisa. Aprili 2022, Google waliwasilisha kesi katika mahakama ya shirikisho huko California dhidi ya mtu wa Cameroon, wakidai aliendesha tovuti za uongo zilizouza vilebu wa basset hound wasiokuwepo. Tovuti nzuri peke yake haithibitishi kitu. Kinachosaidia ni yale yaliyoandikwa humo ambayo unaweza kuyahakiki nje ya tovuti: namba ya usajili unayoweza kuuliza chamani, daktari aliyechanja, mama wa kilebu unayeweza kuja kumtazama, na miaka ya kumbukumbu ambayo tapeli wa wiki mbili hana. Ukitaka kununua, nenda ukamwone mama yake kwanza. Na picha ukitumiwa, zitafute mtandaoni uone zilianzia wapi. Arbuni kabla ya kuona mnyama, usitume.

Mwalimu alisisitiza tuweke na ukurasa wa mbwa waliokufa, pamoja na sababu. Nilimwambia utafukuza wateja. Akasema mteja atakayefukuzwa na ukweli atarudi kukutukana getini baadaye. Akaongeza ukurasa mwingine, mfupi, unaosema kwamba watu waliwahi kutapeliwa kwa picha za geti hili, na kwamba hapokei pesa kabla mtu hajafika Emali. Yule bwana wa katoni tupu alipelekewa kiungo. Hajanunua mbwa bado. Lakini aliandika, "Nimeona, Mwalimu. Pole kwa siku ile."

Wiki iliyopita, nilipokuwa nakabidhi kazi, nilimweleza kwamba jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, na lisipolipiwa hupotea na mtu mwingine anaweza kulichukua. Akafikiri kidogo, akauliza: "Na nisipokuwepo mimi?"

Nimeiweka tarehe kwenye kalenda ya simu yangu, irudie kila mwaka. Wanawe nimewapa nywila. Nakala ya faili zote iko kwenye kidiski ndani ya kile kisanduku cha vyeti, pamoja na karatasi iliyopigwa chapa inayoeleza jinsi ya kuzirudisha mtandaoni.

Haya, ndugu zangu, kwa leo niishie hapa. Kama unafuga mbwa, kuku wa kienyeji au mbuzi wa maziwa, na kuna kijana wa kompyuta aliyekuambia Facebook inatosha, mwambie asome hadithi hii. Na kama kijana huyo ni wewe, karibu tulie pamoja. Tuonane wiki ijayo, nikijaliwa.