Nadra kwa Hesabu ya Nani?

Katika lugha ya Kijapani kuna neno moyamoya, ambalo sikio la Mswahili hulipokea kama lake, kwa jinsi linavyojirudia mfano wa polepole na hivihivi. Maana yake ni moshi mwembamba unaotanda hewani bila umbo. Mwaka 1969 madaktari wawili wa Japani, Jiro Suzuki na Akira Takaku, waliliazima neno hilo wakaupa jina ugonjwa wa mishipa ya damu ya ubongo. Mishipa mikuu inayopanda kupitia shingoni husinyaa pale inapoingia ubongoni, hadi kukaribia kuziba. Damu nayo, katika kutafuta njia, huchipusha vimishipa vingi vidogo, ambavyo katika picha huonekana kama moshi uliopulizwa. Mtoto mwenye mishipa ya namna hii hukaa jirani na kiharusi.

Vitabu vinauita ugonjwa huu nadra. Nimeishi na kufundisha Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma, muda wa kutosha kulitilia shaka neno hilo. Jambo laweza kuwa nadra kwa sababu halipo. Laweza pia kuwa nadra kwa sababu hapakuwa na jicho la kulitazama. Mwenye kuandika kitabu mbali na hapa hawezi kutofautisha hali hizo mbili, na yote mawili huyaandika kwa neno moja.

Jirani yangu, mama mkulima wa maharage na mihogo, ana binti mwenye seli mundu. Mtoto huyo alipotimiza miaka minane, mkono wake wa kushoto ulianza kulegea ghafla, ukae hivyo dakika chache, kisha urudi kama kwamba halikutokea jambo. Zahanati moja ilisema ni malaria. Nyingine ikasema ni degedege. Pale mtaani hawakukosekana waliosema kuwa amerogwa. Mama mwenyewe alikuwa na neno moja tu, na aliniambia kama alivyowaambia wote: "Mwalimu, mkono hulegea akipuliza moto. Na akilia sana."

Alilisema neno hilo kila alikokwenda. Halikuandikwa katika daftari lolote.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Madaktari wa Japani wanajua tangu zamani kwamba mtoto mwenye moyamoya huweza kulegea kiungo anapopuliza tambi za moto ili zipoe, anapopiga filimbi, au anapolia kwa kwikwi. Kuhema kwa haraka hupunguza hewa ya kaboni katika damu. Ikipungua, mishipa ya ubongo hujibana. Na ubongo uliokuwa ukipata damu kidogo hukosa hata hicho kidogo. Kile walichokijua wao mezani penye tambi, mama huyu alikigundua mwenyewe penye mafiga. Tofauti ni kwamba wao waliulizana na kuandika. Serikali ya Japani iliunda kamati ya utafiti wa ugonjwa huo mwaka 1977, na mwaka 2011 watafiti walitambua jeni moja, RNF213, inayohusiana nao. Neno la mama wa Kasulu liliishia mlangoni pa zahanati, hadi binti alipopatwa na kiharusi kamili na kusafirishwa nje ya mkoa, ambako picha ya ubongo ilionyesha ule moshi.

Kwa binti huyu ugonjwa haukuja peke yake, bali ulifuata nyayo za seli mundu, ambayo huweza kuisinyaza mishipa ile ile kwa namna ile ile. Na seli mundu si ngeni kwetu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi mbegu hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana imestawi palipo na mbu. Mkoa wa Kigoma umo miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi wa watafiti wa Bugando, Mwanza, na wenzao wa Cincinnati, Marekani, uliohusu mikoa 9 ya kaskazini-magharibi. Hawakumchoma mtoto sindano mpya: walitumia matone ya damu yaliyokaushwa, yaliyokwisha kuchukuliwa kwa kipimo cha virusi vya UKIMWI. Takriban mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na mbegu ya seli mundu. Tone lililojibu swali moja liliulizwa la pili, likajibu.

Huo ndio ushirikiano ninaouelewa. Tangu mwaka 1998 imejulikana, kwa utafiti uliofanywa Marekani, kwamba mtoto mwenye seli mundu ambaye damu yake hupita katika mishipa ya ubongo kwa kasi ya sentimita 200 kwa sekunde au zaidi yuko hatarini, na kwamba kuongezewa damu kwa mpango hupunguza hatari hiyo kwa zaidi ya asilimia 90. Kasi hiyo hupimwa kwa mawimbi ya sauti yanayopitishwa kwenye panja, bila kisu wala maumivu, kwa chombo kinachobebeka. Bugando wamekitumia kipimo hicho katika utafiti wa kuzuia kiharusi kwa dawa ya hidroksiurea.

Lakini mkono wa tatu wa ushirikiano bado uko mtupu. Mtaalamu wa mbali analeta chombo, wa karibu analeta ujuzi. Mama analeta damu ya mwanawe, na huambiwa asubiri. Kambini Nyarugusu, Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na Nduta, Kibondo, iliyofunguliwa tena mwaka 2015, wamepita watoto wa Kongo na Burundi ambao seli mundu haikuwauliza vibali. Daftari linaloishia mpakani huwapoteza. Na daftari lisilo na nafasi ya kuandika "hulegea akipuliza moto" humpoteza hata mtoto wa jirani.

Binti yule sasa anaandika kwa mkono wa kulia, na wa kushoto huutumia kulishikilia daftari lisiteleze. Mdogo wake wa kiume ana miaka minne, naye ana seli mundu. Kipimo cha mawimbi kinafaa tangu umri wa miaka miwili. Mama anakusanya nauli ya Mwanza, shilingi kwa shilingi, kwa maharage ya msimu huu. Na safari hii jikoni hamwachii kijana huyo apulize moto.