Rangi za Chatu na Mshipa wa Nasaba



Ndugu wasomaji, kijana wangu wa sekondari aliniletea picha za chatu wanaofugwa Marekani. Mmoja kahawia na mweusi, mwingine mweupe mwenye mabaka ya njano na macho mekundu. Akaniuliza, "Baba, huyu wamempaka rangi?"

Hapana. Wote ni aina moja, chatu mdogo anayejikunja kama mpira akiogopa. Asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda yetu.

Weusi wa ngozi hutokana na melanini. Kinasaba cha kuitengeneza huja kwa jozi, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Kimoja kikiwa na kasoro, kile kizima hutosha, na chatu huonekana wa kawaida. Lakini dume na jike wote wakiwa wamebeba kasoro hiyo kwa siri, kila yai lina nafasi 1 kati ya 4 ya kutoa mtoto mweupe. Na hakuna dume mwingine aliyeingia hapo!

Umri nao una lake. Chatu mchanga huwa na rangi kali. Akikua, nyingi hufifia. Akikaribia kujivua gamba hupauka na macho huingia ukungu, kisha hutoka aking'aa. Hayo ni ya nje tu. Vinasaba alivyozaliwa navyo ni vile vile.

Kwa nini nawaandikia habari za nyoka? Kwa sababu kanuni hiyo hiyo ndiyo huleta watoto wenye ualbino majumbani mwetu. Hapa Nkoma nimemsikia mume akimtuhumu mkewe kwa sababu mtoto amezaliwa mweupe. Ndugu yangu, muogope Allah! Kumsingizia mke zinaa ni dhambi kubwa, na mtoto hukua akiyasikia maneno hayo.

Mtume (s.a.w.) alikwisha kutufundisha. Katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, bedui mmoja alilalamika kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume akamuuliza habari za ngamia wake. Walikuwa wekundu, lakini wamo wa kijivu. Hao wametoka wapi? Bedui mwenyewe akasema huenda ni mshipa wa asili umewavuta. Mtume akamjibu kuwa huenda na mwanawe ni hivyo hivyo, wala hakumruhusu kumkana.

Basi wazazi, mtoto huyo ni wenu nyote wawili. Mvalisheni kofia pana na nguo za mikono mirefu, mpakeni mafuta ya kukinga jua, na mwombeni mwalimu amkalishe mbele, maana macho yake huona kwa shida. Surat Fatir aya ya 28 inatukumbusha kuwa watu, wanyama na mifugo wameumbwa kwa rangi mbalimbali. Aliyezipanga ni Allah.

Wabillahi tawfiq.