Mgeni Katika Bustani za Limuru

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Limuru, mwendo wa kilomita 30 hivi, huona nchi ikiinuka na hewa ikibadilika. Nairobi iko kadiri ya mita 1,700 juu ya bahari; Limuru hupita mita 2,000. Huko ndiko chai ilikopandwa mara ya kwanza katika Kenya, mwaka 1903, na huko ukungu wa Julai huwalaki watu asubuhi.

Kando ya nyumba nyingi mna matuta ya maua ya zamani, yenye mawaridi yaliyopandwa na wazee. Mwenye nyumba atakaye kuyapamba zaidi sharti afikiri kwanza. Bogenvilia, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini, hupenda jua la Mombasa. Katika baridi ya Limuru hutoa maua machache. Haidrenjia, ipendayo ubaridi na unyevu, hustawi.

Tena, mche mpya hukuta ardhi imekwisha kushikwa na mizizi ya wenyeji. Usipopewa nafasi hudhoofika, na fedha hupotea bure. Ukisongamana na waridi, baada ya miaka michache huenda ukalifunika, na kumbukumbu ya wazee ikapotea.

Kwa hiyo mkulima mwangalifu hungoja mvua za masika, akachimba shimo pana, akachanganya udongo na samadi iliyooza, kisha akatandaza majani makavu juu yake. Samadi ile huyafaa na mawaridi ya jirani. Wahenga walisema kweli: Mgeni njoo, mwenyeji apone.