Kibao cha Mashoto

Bumerangi yangu ya kwanza haikurudi. Niliinunua kwenye duka la zawadi katikati ya Sydney, imechorwa kangaruu na kupakwa vanishi ya kung'aa, na asubuhi yake nikaenda nayo kwenye uwanja karibu na nyumba ya mpwa wangu. Nikairusha mara kumi na moja. Mara zote ilipaa kidogo, ikayumba kama jani la mwembe, ikaanguka puu. Nikawa naifuata na kuiokota mwenyewe, huku mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa ananiangalia bila kusema neno.

Ilikuwa safari yangu ya kwanza Australia. Nilikuja kwa mahafali ya mpwa, ila begi nililiacha nusu tupu kwa makusudi. Nyumbani Pangani nakusanya vitu vya mbao vyenye kazi: mbao za bao, marungu, mbuzi za kukunia nazi. Bumerangi niliitamani miaka mingi, lakini iliyochongwa kwa mkono na inayoruka kweli, si pambo.

"Basi nenda La Perouse," mpwa akaniambia.

La Perouse iko kusini mwa jiji, kwenye mlango wa ghuba ya Botany, na jamii ya wenyeji wa asili inaishi hapo hadi leo. Jina ni la nahodha Mfaransa aliyetia nanga ghubani mwaka 1788, akakaa wiki kadhaa, kisha akatweka tanga na kwao hakuonekana tena. Nilicheka peke yangu ndani ya basi: nakwenda mahali palipopewa jina la mtu asiyerudi, kutafuta kibao kinachorudi. Hapo ndipo alipotokea Joe Timbery, mchongaji na mrushaji aliyevuma hadi mwaka 1954 akamwonyesha Malkia Elizabeth wa Pili ufundi wake.

Mchongaji niliyeelekezwa alikuwa ameketi nyuma ya gari lake, buti wazi, tupa mkononi, unga wa mbao umemjaa magotini. Kwao wazee huitwa "mjomba" kwa heshima hata na wasio wa damu yao, kwa hiyo ulimi haukunipa taabu. Nikamsalimu Mjomba, nikamkabidhi kibao changu cha kangaruu. Hakukitazama sana. Alinitazama mikono.

"Unarusha kwa mkono gani?"

"Kushoto."

"Hiki ni cha mkono wa kulia," akasema, akanirudishia.

Utotoni bibi alinifunga leso mkono wa kushoto ili nijifunze kula kwa wa kulia, na tangu hapo nimezoea kugombana na mikasi. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba hata hewa ina upande. Mjomba akachukua kidole changu, akakipitisha juu ya bawa: chini bapa, juu limevimba, ukingo wa mbele mnene, wa nyuma umekondeshwa. Bumerangi ya mashoto hugeuzwa yote, kama sura ndani ya kioo. Dukani hakuna aliyeniuliza.

Akanieleza kinachoirudisha. Bumerangi hairushwi ikiwa imelala kama sahani. Hushikwa wima, ikiinama kidogo tu kwa nje. Inapozunguka, bawa lililo juu linakwenda mbele pamoja na safari yenyewe, lililo chini linarudi nyuma. La juu linakata hewa kwa kasi zaidi, kwa hiyo linasukumwa zaidi. Ungedhani itapinduka. Lakini aliyecheza pia utotoni anajua: pia inayozunguka ikiinama haianguki, inazungusha kichwa chake. Bumerangi nayo haipinduki, inapinda njia, mpaka njia inakuwa duara.

"Na zile za kuwindia?"

"Zile nzito huenda moja kwa moja. Ikishampiga kangaruu, irudi kufanya nini?"

Kisha akatoa moja ya zamani, isiyouzwa, ya mkoko. Ilikatwa pale shina linapopinda kuwa mzizi, na nyuzi za mti zilifuata pindo kutoka ncha hadi ncha. Nikamwambia kwamba kwetu mafundi wa majahazi hutafuta miti iliyojipinda yenyewe kwa ajili ya mataruma, maana ukilazimisha pindo kwenye mbao iliyonyooka, hapo pindoni ndipo itakapopasuka. Kwa mara ya kwanza Mjomba akaweka tupa chini. "Hao ni ndugu zangu," akasema.

Siku hizi sheria ya jimbo inazuia kukata mikoko bila kibali. Bumerangi za michezo anazichonga kwa plaiwudi ya Finland, nyembamba, ya milimita tano au sita. Plaiwudi ina tabaka nyingi, na tupa inapokula ukingo, kila tabaka hutoa mstari wake, kama alama za maji kupwa ufukweni. Mistari ya bawa moja ikiachana kwa upana tofauti na ya bawa la pili, kibao hakijakaa sawa. Mjomba hapimi kwa rula, anasoma mistari.

Alikuwa na moja ya mashoto haijamalizika. Nikangoja akiipiga msasa, kisha tukaenda kwenye nyasi. Akachora kwa kisigino duara la hatua mbili. Kwenye mashindano ya shabaha, alisema, bumerangi lazima ifike angalau mita 20, na ikitua ndani ya mita mbili kutoka ulipo, unapata pointi kumi.

Nikaelekea kushoto mwa upepo, nikarusha. Ikaenda, ikapinda kulia juu ya bahari ya nyasi, nami nikasahau kupumua. Ikarudi ikipunguza mbio, ikalala, ikaelea mbele ya kifua changu. Mjomba alikuwa amenionya nisiidake kama jiwe: kiganja kimoja juu, kimoja chini, upige kofi katikati.

Nikapiga kofi. Bibi angekuwepo, asingekuwa na la kusema. Kurusha nilirusha kwa kushoto, lakini kupokea nilipokea kwa mikono miwili.