Usiku Usio na Wavuvi

Meli iliondoka Mwanza asubuhi, na kwa zaidi ya saa tatu sikufanya lolote ila kutazama maji. Mkobani nilikuwa na muswada wa riwaya yangu ya kwanza, kurasa 140 za maisha ya mvuvi wa dagaa wa Ukerewe. Zote nilikuwa nimeziandikia Morogoro. Kisiwani kwenyewe nilikuwa sijawahi kutia mguu.

Nilikijua kwa vitabu. Namagondo ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi, na ndicho kijiji cha Rosa wa riwaya yake ya 1971, Rosa Mistika. Kisha yuko Aniceti Kitereza, mwandishi ninayemheshimu kuliko ninavyoweza kueleza: alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapa, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Niliamini nikiwasoma hao wawili inatosha.

Tulifika Nansio mchana. Jioni mwenyeji wangu akanipeleka mwaloni, ambako mama mmoja wa makamo alikuwa akizoa dagaa waliokuwa wameanikwa mchangani. Alikuwa akiwapepeta kwa ungo, mchanga ukidondoka chini, kisha anaokota mmoja na kumbana kwa kidole gumba. Akivunjika kwa mlio, anaingia guniani. Akipinda, kesho anarudi juani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilimweleza kilichonileta, nikamwomba nimsomee ukurasa mmoja. Nilichagua ule nilioupenda kuliko zote: mvuvi wangu anamwacha mkewe mjamzito kitandani, anakwenda ziwani kuvua, mwezi mpevu uko juu, na taa za mitumbwi zimetapakaa majini kama mji. Mama aliendelea kupepeta, lakini alikuwa akisikiliza. Nilipomaliza, akaweka ungo chini.

"Mwezi umejaa, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi huyo baba hakwenda kuvua. Mwezi ukiwa mkubwa, dagaa hawaifuati taa, maana kunang'aa kila mahali. Sisi tunavua giza." Akanitazama. "Huyo kamdanganya mkewe. Alikwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Miezi mitano nilikuwa nikihangaika na sura ile, nikipunguza vivumishi, nikibadilisha sentensi ya kwanza, nikihisi kuna kitu kimelala na hakiamki. Kumbe tatizo halikuwa kwenye sentensi. Mvuvi wangu hakuwa na siri, kwa sababu mimi niliyemuumba sikujua kazi yake vya kutosha kujua lini anaweza kusema uongo.

Nikakaa mchangani, nikaanza kuuliza. Siku za mbalamwezi wanaume hufanya nini? Hushona nyavu, akasema, huziba mitumbwi inayovuja, na wengine hukwepa njia ya dukani kwa sababu wanadaiwa. Mwanamke huhesabu debe la unga. Niliandika mpaka nikashindwa kuona karatasi.

Ulikuwa usiku wa giza. Taa ziliwaka ziwani moja baada ya nyingine, mbali, zikitikisika. Tiketi yangu ilikuwa ya kurudi keshokutwa. Nikamwuliza mwenyeji wangu mwezi utajaa lini.

"Wiki mbili hivi."

Nikamwomba nibaki.